Mwenye Shoto wa Kwanza

Kwenye orodha yetu ya mabondia wakubwa wenye shoto waliopata kutokea duniani, nafasi ya kwanza ilikuwa ya baba yangu. Mabingwa wa Ulaya, Amerika na Asia, wale wenye mikanda inayometameta kwenye televisheni, walianzia ya pili. Mgeni akicheka, na wageni walicheka sana, aliambiwa kwamba mcheza kwao hutunzwa, na kama hakuridhika aende akapange orodha yake huko alikotoka.

Orodha hiyo ilizaliwa kwenye ghala la zamani la tumbaku hapa Tabora, ambalo tulilifanya ukumbi wa mazoezi. Tumbaku iliondoka miaka mingi iliyopita, lakini jua likiwaka sana kuta bado zinanuka. Jioni tukimaliza mazoezi tulikaa kwenye mabenchi tukagombana. Yule ana ngumi nzito lakini na miguu yake mizito. Huyu ni mwepesi, ila wakubwa wenzake aliwakwepa. Mwamuzi wa mwisho alikuwa Mwalimu wetu, mzee aliyezaliwa Ziba na kuhamia mjini akiwa kijana, ambaye ametufundisha wote. Kwake mwenye shoto hapimwi kwa mikanda. Unamwendea aliyepigwa, unamuuliza ngumi ilitoka wapi, naye akijibu hakuiona, basi hiyo ndiyo shoto ya kweli.

"Na ya baba yako," alikuwa akiniambia, "hakuna aliyewahi kuiona."

Mwaka jana Mwalimu akaanza kuumwa kifua. Mimi ni seremala, kwa hiyo aliniita akaniagiza ubao wa mninga, niuchonge majina kumi ya mashujaa wetu, utundikwe ukumbini yeye angali hai. Nilikubali kwa furaha ambayo naona aibu kuieleza. Baba alifariki nikiwa na miaka miwili, simkumbuki hata sauti. Alichoniachia ni picha moja na, kama watu walivyosema, mkono wake wa kushoto.

Picha hiyo ilitundikwa sebuleni kwa mama. Baba amesimama kifua wazi, mguu wa kulia mbele, mkono wa kulia umenyooka, na ngumi ya kushoto imejificha chini ya kidevu. Nyuma yake linaning'inia gunia la mazoezi lenye doa kubwa la ukungu. Macho yake yanakutazama popote ulipo sebuleni. Najua picha nyingi ziko hivyo, lakini ile ilizidi.

Nilianza kumwiga nikiwa na miaka tisa, saa nane mchana, mama akiwa sokoni na mabati yakilia kwa joto. Nilisimama mbele yake kama mtu anavyosimama mbele ya kioo. Mkono wake uliokuwa upande wa kushoto kwangu niliujibu kwa wa kushoto, kwa hiyo mguu wangu wa kushoto ndio ulitangulia. Siku moja Mwalimu aliingia kumsalimia mama, akanikuta hivyo, akavua kandambili akanichapa kifundo cha mguu.

"Geuka! Hicho siyo kioo, huyo ni baba yako. Ana shoto!"

Nikageuka. Mwanzoni ilikuwa kama kuvaa viatu mguu huu kwa ule. Baada ya miezi kadhaa mwili ulikubali, na hapo ndipo mambo yalipoanza kunitia hofu. Nilikuwa nakula kwa mkono wa kulia, naandika kwa kulia, na hata leo msumeno naushika kwa kulia. Lakini nikikunja ngumi, wa kushoto ulikuwa na akili zake. Nikisimama mbele ya picha niliona kama simwigi tena. Yeye ndiye aliyekuwa anasubiri mimi nitulie, kisha anautoa mkono kupitia kwangu.

Pambano langu la kwanza lilikuwa Nzega. Mpinzani alianguka nami bado nawaza nimpige wapi. Mzee mmoja aliyekaa mbele kabisa aliinuka, akavaa kofia yake akatoka, na mlangoni alisema yeye hakulipa kiingilio aje kumtazama marehemu. Watu wakacheka, wakasema mtoto wa nyoka ni nyoka. Mimi nilicheka nao, lakini nilipokuwa nafunguliwa bandeji niliuangalia ule mkono kama mkono wa mtu niliyekaa naye kiti kimoja kwenye basi.

Mama hakuwahi kuisifu ile picha. Mvua ya radi ikija alifunika vioo vyote kwa khanga, kama wanavyofanya wengi kwetu, na picha nayo akaifunika. Niliamini ni kwa sababu ya kioo cha fremu. Ila vioo alivifunua mvua ikikatika, na picha ilikaa na khanga yake hata siku mbili.

Sasa, ubao ulipokaribia kwisha, nilitaka picha ya baba ikae juu yake. Niliipeleka studio moja karibu na soko, inayoendeshwa na binti wa mzee aliyempiga baba picha hiyo. Aliitoa kwenye fremu, akaiingiza kwenye kompyuta, akaanza kuufuta ukungu kidogo kidogo. Chini ya doa la gunia zikatokea herufi. Dada akaacha kufuta.

"Kaka, hebu soma hapa."

Nilishindwa. Herufi zilikuwa zimegeuka, zinasomeka kutoka mwisho kwenda mwanzo. Dada akabonyeza mara moja, na baba yangu akageuka upande wa pili. Gunia likasomeka TUMBAKU.

"Marehemu mzee wangu alikosea wakati wa kusafisha," alisema kwa sauti ya chini. "Filamu aliiweka kinyume. Utusamehe, kaka yangu."

Kwenye kioo cha kompyuta alisimama mtu mwenye mguu wa kushoto mbele na ngumi ya kulia kidevuni, bondia wa mkono wa kulia kama mabondia wengine wengi. Alisimama kama nilivyosimama mimi kabla ya kuchapwa kandambili. Ilikuwa Oktoba, mji mzima unatafuta kivuli, na mimi nilisikia baridi mgongoni. Nikamwambia dada amgeuze tena. Akamgeuza. Nikamwambia amrudishe. Tulifanya hivyo mara nyingi, mpaka yeye mwenyewe akaniomba tuache.

Nilimpelekea mama picha iliyonyooshwa. Alikuwa anachambua mchele uani. Akapangusa mikono, akaitazama, akasema, "Huyu ndiye," halafu akalia kama msiba ni wa jana.

Nina hasira za karibu, na siku hiyo hazikuchelewa. "Mama, ulikuwa unajua?"

"Baba yako alikuwa wa kulia. Kovu la nyusi lilikuwa upande huu hapa."

"Miaka yote hii hukusema?"

"Picha ililetwa tumeshamzika. Nilidhani ni macho yangu yameharibiwa na kilio. Nilipokuja kuwa na hakika, wewe ulikuwa ukitoka shule unamkimbilia yule wa ukutani, unasimama kama yeye. Ningekuambia nini, mwanangu? Kwamba baba yako hayumo humu ndani?" Akaiweka picha mapajani, akailaza kifudifudi, kisha akaigeuza tena. "Ila radi zikianza nilikuwa namfunika. Sikupenda mtu nisiyemjua anitazame."

Sikulala vizuri wiki ile. Maisha yangu yote niliishi bila baba lakini nikiwa na mkono wake, na hilo lilinitosha. Sasa nilijiuliza, kama mkono huu si wa baba, ni wa nani? Aliyenifundisha, aliyeniangushia watu Nzega na Igunga, alikuwa mtu ambaye hakuwahi kuzaliwa. Nilikuwa nimemwita baba na yeye akaniitikia.

Tumaini langu lilibaki kwa Mwalimu. Yeye alimwona baba ulingoni kwa macho yake. Alikuwa akitusimulia jinsi ile shoto ilivyopita chini ya kiwiko cha mpinzani, jinsi kocha wa upande wa pili alivyoangusha ndoo ya maji. Mtu hawezi kuota ndoo ya maji. Nikaitia picha kwenye bahasha nikaenda kwake.

Nilimkuta kwenye kitanda cha kamba karibu na dirisha, amekonda mno.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Ubao?"

"Unakaribia."

Nikamkabidhi picha. Nilitaka aseme lolote, hata kama ni kukiri kwamba alitudanganya. Aliishika kwa mikono miwili akaielekeza kwenye mwanga. Alikaa nayo muda mrefu, akiisogeza karibu na macho, akiipeleka mbali.

"Huyu nani?" aliniuliza.

Nikalisukuma dirisha lifunguke zaidi.

"Anafanana na baba yako, lakini siye. Mtu huyu sijapata kumwona." Hakuwa akitania. Macho yake yalikuwa ya mtu anayetafuta jina la mgeni.

Uongo ulinitoka wenyewe. "Ni ndugu yake."

"Wa kulia?"

"Wa kulia."

"Naye alipigana?"

"Alipigana."

"Alikuwa mzuri?"

"Sijui, Mwalimu. Hakuna aliyemwona."

Akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli, akanirudishia picha. "Masikini. Asiyekuwepo na lake halipo. Kamalize ubao, mwanangu, mimi sina siku nyingi."

Niliumaliza wiki ile ile. Nilianza na nafasi ya kumi nikapanda, na la mwisho lilikuwa jina la baba, nikalichonga taratibu kuliko yote. Siku ya kuutundika, vijana walimbeba Mwalimu kwenye kiti mpaka ukumbini. Alilisoma jina la kwanza kwa sauti, na watu wakapiga makofi mpaka vumbi la tumbaku likaanguka kutoka darini. Walinipa mkono mmoja mmoja, wakinipongeza kwa baba aliyenizaa. Nilisimama chini ya ubao nikalisoma jina lile mara mbili, mara tatu, na sikujua nimemwandika nani.