Siku Niliyokuwa Waziri Mkuu wa Uingereza

Nilikuwa katika mwaka wangu wa pili nikifundisha historia kwenye shule moja ya sekondari kule Navakholo, na kidato cha tatu walikataa kuniamini. Niliwaambia kwamba vita vikuu vya pili vilipokuwa vinaisha, Waingereza walipiga kura wakamtoa waziri mkuu yule yule aliyewaongoza vitani. Darasa likaguna. Msichana mmoja wa mbele akauliza, "Madam, alikuwa ameiba nini?"

"Hakuiba kitu."

"Basi walimtoa kwa nini?"

Nikaeleza habari za nyumba zilizobomolewa na mabomu, askari waliokuwa wakirudi bila kazi, wagonjwa wasioweza kumlipa daktari. Waliandika, lakini niliona hawajashawishika. Ndipo nikamwendea mwalimu mkuu, nikaomba Ijumaa mchana tuufanye ule uchaguzi uwanjani, shule nzima ipige kura. Alicheka mpaka akavua miwani, akakubali.

Kiongozi wa vita hakunipa taabu kumpata. Mwalimu wa kilimo alikuwa na sauti ya kuamsha ng'ombe wa jirani, na wanafunzi walimpenda kupita kiasi. Alikuja na koti jeusi aliloazima kwa mchungaji wake, kipande cha muwa kimebanwa mdomoni badala ya sigara nene, vidole viwili juu. Uwanja mzima ukapiga mayowe. Hakuna aliyetaka kuwa mpinzani wake. Kila mwalimu niliyemwomba alikumbuka ana vitabu vya kusahihisha. Kwa hiyo nikasimama mimi mwenyewe.

Alihutubu kuhusu adui, bahari na moyo usiovunjika. Nywele zilinisimama, na mimi ndiye niliyetakiwa kumpinga. Zamu yangu ilipofika niliongea kwa sauti yangu ya darasani tu. "Huyu bwana ametuvusha, tumshukuru. Lakini vita vimeisha. Nani atatujengea nyumba? Mtoto akiugua, nani atamtibu bila kwanza kuuliza mama amekuja na nini mkononi?"

Alipopewa nafasi ya kujibu, akarudia habari za adui. Kiranja wa wasichana akainua mkono. "Bwana Waziri Mkuu, adui ameshashindwa. Mume wangu amerudi kutoka vitani. Atafanya kazi gani?"

Alitafuna muwa kidogo akifikiri. "Atakulinda," akasema, na hapo vicheko vikaanza.

Kura ziliingia katika katoni ya sabuni. Hatukuzihesabu mara moja, maana hata Waingereza walingojea kura za askari waliokuwa mbali, na askari wetu, yaani timu ya mpira, walikuwa wamekwenda kucheza Musanda. Tukiwangojea, tukaanza mkutano wa washindi wa vita, ule wa kuamua mambo ya Ujerumani. Naibu wa mwalimu mkuu alikuwa Mmarekani, akitafuna chingamu. Mwalimu wa hesabu alikuwa Mrusi, kwenye jua lile, na kofia ya manyoya aliyoshonewa na mke wake. Mwalimu wa kilimo aliketi katikati yao akigonga meza, akimtaka Mrusi awaachie Wapolandi wajichagulie serikali.

Lori la shule likaingia huku wachezaji wakiimba. Walishuka na matope magotini, wakapiga kura. Kiranja akahesabu zote, akaja kuninong'oneza. Nilipofika mezani, mwalimu wa kilimo alinitazama usoni akajua. Akasimama, akanivutia kiti, akaenda kuketi nyasini na wanafunzi.

Mrusi hakuwa ameambiwa historia inaendaje. "Huyu ni nani?" akauliza. "Tulikuwa na yule mwenye muwa."

"Wananchi wamempumzisha," nikasema.

"Si ameshinda vita?"

"Ameshinda."

"Na wamempumzisha?"

"Wanataka nyumba."

Akamgeukia Mmarekani. "Tafadhali, habari hii isifike kwetu."

Wapishi waliokuja kutazama walishikana mabega kwa kucheka. Nilijaribu kuendelea na mambo ya Ujerumani, nikashindwa. Machozi ya kicheko yalinitoka mbele ya mwalimu mkuu.

Jioni mwalimu wa kilimo alinisindikiza, akisukuma baiskeli yake kwenye barabara ya murram. "Nilidhani wananipenda," akasema.

"Wanakupenda. Hawakukuchagua tu."

Akasimama. "Kumbe mambo hayo mawili yanaweza kukaa pamoja?"

"Ndiyo nilikuwa nawafundisha wiki nzima."

Akacheka, nami nikacheka, tukawa hatuwezi kutazamana bila kuanza upya. Kichwa changu kilikuwa chepesi kama nimeshuka kwenye bembea. Mwaka uliofuata angekuja kwetu na wajomba zake kuongea na baba yangu, lakini siku ile hakuna aliyejua.

Niliingia uani nikicheka peke yangu. Mama aliinua macho kutoka jikoni. "Unachekanga nini?"

"Mama, leo nimekuwa Waziri Mkuu wa Uingereza."

"Ni vizuri," akasema. "Kuna ile ingokho nyekundu haijaingia kwa nyumba. Ishike kabla giza haijaingia."

Nikamkimbiza kuku yule katikati ya mahindi, na sketi yangu ya kazini, nikicheka mpaka mbavu zikauma. Barabarani kengele ya baiskeli ikalia. Alikuwa bado hajaenda.