Dawa Niliyoitangaza Mapema

Jamani, hadi leo naingia maabara ya chuo nikiinamisha kichwa. Mama alinichumia majani huko Kibakwe, nikayaloweka kwenye spiriti, kisha nikatia matone ya dawa hiyo kwenye vimelea vya malaria. Nilipochungulia kwenye hadubini, vyote vilikuwa vimekufa! Nikampigia mama papo hapo: “Nimepata dawa!” Jumapili akasimama kanisani, akanitangaza.

Mimi nami nikawakusanya wenzangu maabara, nikajisifu hadi koo likakauka. Msimamizi wangu akauliza taratibu, “Na spiriti tupu, bila majani, uliijaribu?”

Sikuwa nimeijaribu. Akaniagiza niijaribu. Kesho yake nikachungulia vimelea nilivyovitilia spiriti tupu, wenzangu wote wamenizunguka.

“Unaona nini?” msimamizi akauliza.

“Vimekufa, Daktari. Vyote.”

Hakuna aliyecheka. Laiti wangecheka.