Kaptura Kumi na Moja za Ngozi

Siku yangu ya kwanza kazini nilikalia pini. Ilikuwa Rosettenville, kusini mwa Johannesburg, katika karakana ya fundi Mreno tuliyemwita Senyori. Kwenye kiti alichonionyesha palikuwa na kimto kidogo, nami, kijana wa Tanga mwenye cheti cha kidato cha nne, nikadhani kimewekwa kwa ajili ya starehe yangu. Senyori hakucheka. Alisema tu, "Vizuri. Sasa unajua pini zinakaa wapi." Nikajua nimepata mwalimu.

Kwa Senyori nilikunja pindo za suruali miaka sita. Ukitaka kumjua fundi, achana na koti lake. Geuza suruali uangalie pindo kwa ndani, pale ambapo mteja hatazami. Wenzangu niliotoka nao nyumbani walihama kila msimu, leo Durban, kesho Cape Town. Mimi ni mtu wa kukaa. Tangu nifike, safari yangu kubwa ilikuwa kuhamia kazi Braamfontein, basi moja tu kutoka mjini, na siku hiyo mke wangu alinifungia chakula kama naenda Hija.

Braamfontein niliajiriwa na mama wa Kijerumani, tulimwita Madamu, mwenye duka la nguo za maonyesho: michezo ya wanafunzi, kwaya, sherehe. Kazi iliyompa jina ilikuwa kaptura za ngozi zenye kanda za mabegani, zile zinazovaliwa na wanaume wa milimani kusini mwa Ujerumani. Hapa tulizishona kwa ngozi ya tandala. Na ngozi, wanangu, haina tabia ya kitambaa. Kitambaa kinasamehe, ukikosea unafumua. Ngozi ikishatobolewa na sindano, tundu halifungi tena. Kwa hiyo hatukutumia pini, tulibana kwa vibanio. Tulikata tabaka moja moja, baada ya kuianika ngozi nzima dirishani tuone makovu ya miiba aliyopita nayo mnyama. Mwenye kazi hiyo huitwa mkataji, na meza yake haiguswi; pale kwetu alikuwa Madamu mwenyewe. Mimi nilikuwa mshonaji tu. Meza ile niliitamani miaka tisa.

Wateja wakubwa wa kaptura hizo walikuwa Waingereza. Msishangae peke yenu, hata mimi nilishangaa. Nilikotoka, Tanga, katika Vita vya Kwanza Mwingereza na Mjerumani walipigana mpaka nyuki wakaingilia kati, na mizigo ya wote wawili wakabebeshwa babu zetu. Nilidhani uadui ule ni wa kudumu. Kumbe hapa Johannesburg palikuwa na kundi la Waingereza, walimu na wahandisi, wengi wao wastaafu, ambao kila Jumamosi walikusanyika kuitazama timu moja ya Ujerumani kwenye runinga. Walikula soseji na kuimba nyimbo za Kijerumani walizozikariri. Madamu, asiyefuatilia mpira wala timu, aliwahi kuwasikiliza akasema lugha yake haijawahi kuteswa kwa mapenzi makubwa namna hiyo.

Kiongozi wao tulimwita Mwenyekiti, mhandisi wa migodi aliyestaafu, mrefu kama nguzo ya umeme. Nilipompima kiuno alinihubiria.

"Athumani, kule mtu wa kawaida anaimudu tiketi. Unasimama, bia mkononi, hakuna wa kukufokea ukae. Mwanachama ana kauli kwenye klabu yake. Sisi mpira wetu tumeuuza, wao bado wanao."

"Na zile nyimbo za vita ambazo ninyi Waingereza huwaimbia Wajerumani uwanjani, kuwakejeli?"

"Tuliziimba kwa sababu hatukuwa tumefika kwao."

Mimi Ujerumani niliijua kwa njia hiyo tu, kupitia viuno vya Waingereza.

Mwaka mmoja wakaamua kwenda wote, watu kumi na mmoja, kuitazama timu yao kwa macho. Wakaagiza kaptura kumi na moja, kila moja idariziwe nembo ya klabu kifuani, kwenye ule mkanda unaounganisha kanda za mabegani. Wakati huohuo Madamu alikuwa anaenda kupasuliwa goti. Aliniita mezani, akanishika mkono, akaweka mkasi ndani yake.

"Wiki sita, Athumani. Nikirudi nikakuta kaptura kumi na moja zimetoka mlangoni na wateja wameridhika, meza ni yako. Zikibaki hapa dukani, utarudi kwenye cherehani na nitatafuta mkataji mwingine."

Nilikata. Sijisifu, lakini nilikata vizuri, ingawa siku ya kwanza nilizunguka meza mara nyingi mpaka mdarizi wetu, Mama Betrisi, Mkongo wa Bukavu, akaniuliza, "Fundi, unakata ngozi ao unaitongoza?" Yeye alidarizi nembo, nanga ya bluu yenye kamba. Nanga zake zilipendeza mno.

Madamu alirudi Jumatano akitembelea magongo. Waingereza walikuwa waje kuchukua mzigo Ijumaa. Akavuta mishono kwa nguvu zake zote, haikulegea. Akapitisha kidole kwenye kingo, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akaigeuza moja akaiona nanga. Alicheka mpaka gongo likaanguka.

"Athumani! Nanga! Klabu hii ni ya mji wa bandari! Kaskazini kabisa! Kule hakuna mwanamume anayevaa hizi. Hizi ni za milimani, mwisho mwingine wa nchi!"

Nilielewa mara moja. Ni kama mgeni ashuke Tanga mjini na wenzake kumi, wamevaa lubega nyekundu za Wamasai na rungu mkononi, eti wamekuja kutuheshimu sisi wa pwani. Watoto wangewafuata mpaka stendi.

"Utawaambia?" nikamuuliza Madamu.

"Aliyekata ndiye anayejibu," akasema, akaokota gongo lake. "Na niliyoyasema kuhusu meza hayajabadilika."

Mama Betrisi alinivuta pembeni. "Nyamaza weye! Beko bazungu, banaenda kwa bazungu benzabo. Batajuana huko. Unataka kupoteza meza juu ya nini?"

Hakuwa amekosea. Hakuna aliyeniuliza mavazi ya kaskazini. Ningefunga mzigo, ningepokea asante, ningekuwa mkataji. Lakini usiku ule kila nilipogeuka kitandani nilimwona Mwenyekiti anashuka kwenye treni, magoti wazi, anatabasamu, hajui.

Ijumaa alikuja na wenzake wote. Nilisema nikiwa nimesimama upande wa pili wa meza, kwa usalama wangu. Nilieleza habari ya milima, ya bandari, na ya lubega. Mmoja wao akasema, "Eish," kwa mshangao wa hapa mjini, kama mtu aliyezaliwa mtaa wa Hillbrow.

Mwenyekiti aliiva uso. "Nilifika pale mara moja tu, wakati wa baridi. Kila mtu alikuwa ndani ya koti. Nilidhani hizi wanazitunza kwa sikukuu." Akaishika ile kaptura, akaisugua nanga kwa dole gumba. "Nilikuwa nimepotea stesheni. Nilikuwa naogopa, Athumani. Nilikuwa nimeimba nyimbo zile za vita tangu utotoni. Akatokea mzee mmoja na skafu ya klabu, akanishika mkono mpaka uwanjani, akaninunulia soseji, akanisimamisha karibu naye. Hakuniuliza kitu. Nataka kumfikia nikiwa nimevaa kitu cha kwao."

"Cha kwao ni sweta," Madamu akasema kutoka kitini.

"Tuziache?" mwenzake akauliza. Nikaiaga meza kimoyomoyo.

Mwenyekiti alifikiri. "Jana tungechekwa tukiwa hatujui, tungeaibika. Leo tunajua. Basi wakicheka, tutakuwa tumewaletea kichekesho." Akafungua mkanda wa suruali yake palepale dukani. "Geuka, Mama Betrisi, nijaribu."

"Nigeuke juu ya miguu ile?" alisema Mama Betrisi. "Ile ni fito!"

Kaptura kumi na moja zilitoka mlangoni. Madamu hakunipongeza. Alihamisha miwani yake, daftari lake na kikombe chake kutoka kwenye meza ya kukatia, akavipeleka dirishani. Nikakaa mezani pale miaka kumi na miwili.

Sasa nimestaafu, niko Rosettenville kwenye kiti changu, na wajukuu wanaonijibu kwa Kizulu. Vijana mafundi huja kuniuliza siri ya ngozi. Nawaambia siri ni mbili: noa mkasi, na kosa likiwa lako liseme likiwa bado dukani.

Nguo ya mwisho niliyoikata kabla sijastaafu iliagizwa kwa barua. Mwenyekiti aliileta mwenyewe, pamoja na picha ya safari ile ya kwanza: Waingereza kumi na moja magoti nje, wamezungukwa na watu wa sweta waliopinda kwa kicheko, na katikati mzee mmoja mfupi mwenye skafu ya klabu, yule wa stesheni, ameshikwa mabegani. Barua ilikuwa ya mzee huyo, na vipimo vyake vya kiuno, paja na goti. Madamu alinisomea mstari wa chini kwa Kijerumani, kisha akanitafsiria polepole:

"Hapa kwetu hakuna anayevaa hizi. Nitavaa mimi, siku wakija Waingereza wangu."