Saa Iliyogeuzwa Ukutani

Leo kaka yangu kaniletea mnunuzi nyumbani, hapa Qurum, bila ya kuniuliza. Yule bwana alipofungua mlango wa nyuma wa saa ya mbao niliyoachiwa na bibi, ikatoka harufu ya mafuta ya karafuu, nikawa mtoto tena, kule mjini Sib, nimekaa kwenye zulia la bibi.

Siku ile pia palikuwa na mgeni, kaja kuitaka saa. Alipangusa vumbi usoni mwa saa, penye jina la Mwingereza, akasema huyu ndiye aliyeitengeneza na jina lake ndilo lenye thamani. Bibi akafungua mlango wa nyuma. Upande wake wa ndani palikuwa pamechongwa jina jengine, kwa herufi za Kiarabu.

"Huyu baba yangu," bibi akasema. "Sanduku lote hili kalichonga yeye, Unguja. Mwingereza alikuwa na duka."

"Jina hilo bora lipigwe randa lifutike, bi mkubwa. Linaiharibu saa."

Bibi hakupandisha sauti. Aliigeuza saa uso ukaelekea ukutani, akauacha ule mlango wazi.

Mgeni akacheka. "Sasa wakati utaujuaje?"

"Nna masikio, nitaisikia ikigonga. Kunywa kahawa yako uende."

Mnunuzi wa leo naye kauliza kama jina hilo linafutika. Nikaigeuza saa mbele yake, nikamwita binti yangu alisome kwa sauti. Akalisoma pole pole, mpaka mwisho.

Kaka akaniuliza nitajuaje wakati.

Nikamwambia anywe kahawa yake.