Kufuli la Duka la Mapazia

Nilishona mapazia Kitengela katika duka ambalo mwenyewe alitufungia ndani. Sisemi kwa mfano. Tukishaingia asubuhi, sisi mafundi watatu, alivuta grili, akabana kufuli kwa nje, akaondoka na ufunguo. Alisema mlango ukiachwa wazi tutatoroka na vitambaa. Ukitaka kwenda choo, unampigia simu halafu unangoja. Wanawake wazima, tuna watoto!

Kwenye veranda alikaa mama Mmaasai akiuza shanga. Mwanzoni hatukupatana. Mimi ni wa Kitui, nilikuwa nimeambiwa Wamaasai wana kiburi. Yeye naye alituona wajinga. Siku moja akapitisha shuka katikati ya vyuma ili niipinde ncha. Nilipomrudishia, akaliangalia lile kufuli.

"Nani alifunga nyinyi?"

"Bosi."

"Mliiba nini?"

"Hatukuiba kitu, yeyo." Hilo, yaani mama, ndilo neno pekee la Kimaa nililojua.

"Na munanyamaza tu?"

Niliudhika. Yeye alikuwa na mbuzi. Mimi nilikuwa na kodi ya nyumba. Lakini kesho yake akanisalimia, "Takwenya!" akanifundisha kuitikia, "Iko!" Tangu hapo tukawa tunakula mchana pamoja, yeye nje, mimi ndani. Nilimpa muthokoi, mahindi yetu ya kukobolewa, akanimiminia maziwa.

Halafu mtungi wa gesi ukashika moto katika hoteli ya jirani. Moshi ukaingia kwetu kupitia dari. Tulipiga mayowe. Bosi hakushika simu. Watu walikimbia wakatupita, lakini yule mama hakukimbia. Alichukua jiwe akaligonga kufuli mpaka likaachia. Tukatoka tukikohoa, mwenzetu mmoja akitapika.

Bosi alipofika, moto ulikuwa umezimwa. Hakuuliza kama tuko salama.

"Nani amevunja kufuli yangu?"

"Ni mimi," yeyo akajibu. "Hata mbuzi zangu, moto ikikuja, nafungulia. Wewe unafungia watu!"

Bosi alimfukuza pale verandani, akatuamuru turudi kwa mashine. Wenzangu walirudi. Mimi nilichukua mkoba na mkasi wangu, nikatoka.

"Twende Kajiado," yeyo akaniambia. Shule aliyosoma mjukuu wake ilikuwa ikitafuta fundi wa kushona yunifomu na kufundisha wasichana.

"Lakini sina cheti."

"Kwani cheti ndiyo inashona?"

Alinipeleka mwenyewe. Mwalimu mkuu akanipa kitambaa, nikakata sketi, nikaishona akiangalia. Nikaandikwa kazi.

Nilipotulia, tulienda yeyo na mimi kwenye ofisi ya mambo ya wafanyakazi kushtaki. Afisa akaniuliza huku anachezea simu, "Kwani mliungua?"

"Kama tungeungua," nikamwambia, "ningekuja hapa namna gani?"

Akasema watafuatilia. Hawajafuatilia. Duka lile bado linafanya biashara, na mafundi bado wanafungiwa. Mmoja wa wenzangu nimeshamtoa, tunashona naye Kajiado. Yule mwingine bado yuko ndani, anasema anaogopa kuacha kazi.

Kila wiki narudi kwa yule afisa, yeyo akiwa kando yangu. Akituambia tuketi tungoje, tunabaki tumesimama mbele ya meza yake.