Sakafu ya Bwana Kioo

Kwa miaka kumi na tisa mtunza ukumbi aliamini kwamba watu wa mtaa wake hawapendi muziki. Ushahidi alikuwa nao. Kila mwaka alikuwa akiandika barua kwa vikundi vya wanamuziki na wacheza dansi wa nchi mbalimbali, kila mwaka kundi moja lilikubali kupitia hapo, na kila mwaka wageni hao walipiga na kucheza mbele ya viti mia mbili vilivyokaliwa na watu thelathini na watano, mmoja wao akiwa yeye mwenyewe na mwingine akiwa amelala.

"Hawana masikio," alikuwa akimwambia mkewe. "Unawaletea dunia nzima mlangoni, wao wamekaa majumbani wanachambua mchele."

Mkewe ni fundi cherehani, na mara nyingi alikuwa na pini mdomoni, kwa hiyo hakujibu. Leo mtunza ukumbi anapoisimulia habari hii, na hakuna anayeisimulia kwa kumcheka kama anavyojicheka mwenyewe, husema kwamba laiti siku moja tu angemwomba azitoe zile pini, angejiokolea miaka kumi na tisa ya ujinga.

Mapenzi yake makubwa, ukiacha zile barua, yalikuwa sakafu. Alipopewa funguo za ukumbi aliikuta mbao zake zimekufa, rangi yake ya vumbi. Akaapa kuifufua. Jumatatu alifagia, Jumanne akapangusa kwa kitambaa kikavu, Jumatano akapaka nta, Alhamisi akasugua kwa vipande vya mashuka makuukuu mpaka mtu angeweza kunyoa ndevu huku akitazama chini. Kinyozi wa jirani ndiye aliyembandika jina la Bwana Kioo. Mwenyewe alilipokea kama sifa, akawa analisema hata kwa wageni, na miaka ikapita bila kumjia akilini kwamba kinyozi alikuwa anamcheka.

Mlangoni alitundika bango. Mwanzo lilikuwa na mstari mmoja: Vua viatu. Mwaka wa pili akaongeza: Usikokote kiti. Kisha: Usikimbie. Usiegemee ukuta. Usilete chai. Mstari wa mwisho, alioupaka rangi nyekundu kwa mkono wake mwenyewe na kuurudia mara mbili ili ukolee, ulisema: Usitembee katikati. Huo ulikuwa ukumbi wa dansi, na yeye hakuona cha kuchekesha.

Hata mkewe aliacha kuja. Miaka minane iliyopita binti yao alimletea mama yake zawadi ya viatu vyekundu vya mchuchumio, na mama akavaa, akajipamba, akaenda kuwaona wageni wa mwaka huo. Alifika hatua mbili tu ndani ya mlango. Bwana Kioo alimrukia mbele za watu kana kwamba ameshika mwizi, akamvulisha viatu, kisha akapiga magoti palepale na kitambaa, akasugua alama aliyoiacha kwa kisigino, ndogo kama punje ya hindi, mpaka isionekane tena. Mkewe alisimama pekupeku akimtazama kisogoni. Aliporudi nyumbani alivirudisha viatu kwenye boksi lake, akaliweka juu ya kabati. Bwana Kioo akahitimisha kwamba hata mkewe hana masikio.

Mwaka huu mwenyekiti wa kamati ya ukumbi, mkunga mstaafu asiyejua kuzungusha maneno, alimwita pembeni.

"Mara hii ukumbi usipojaa, barua zako basi. Kamati itaufanya ghala la mahema."

"Mama Mwenyekiti, kosa si langu. Watu hawa hawana masikio."

"Nusu yao nimewazalisha mimi. Masikio wanayo, niliyahesabu siku ya kwanza."

Alirudi nyumbani kichwa kimejaa mawazo. Hajawahi kupanda ndege, hajawahi kuvuka mpaka wowote. Safari zake zote zilikuwa zile barua, na zile siku moja moja ambapo mtu wa mbali alimfundisha kusema asante kwa lugha ya kwao, naye akaenda akiirudia mwezi mzima kwenye ndoo na ufagio. Wakimnyang'anya hilo atabaki na nini? Aliogopa kweli. Na kwa kuwa aliogopa, alifanya jambo pekee alilolijua: akaipaka sakafu nta. Si mara moja. Siku tatu mfululizo, tabaka juu ya tabaka, ili wageni wasije wakasema wamepokelewa vibaya.

Basi la wageni lilifika saa sita mchana, onyesho likiwa saa kumi. Walikuwa kumi na mmoja kutoka nchi saba, na kila mmoja na chombo chake au vazi lake. Kiongozi wao, mwanamke mrefu aliyekijua Kiswahili kwa kusafiri, aliingia, akaona ile sakafu, akasema, "Lo!" Bwana Kioo akavimba kifua. Alidhani ni sifa nyingine.

Akawavulisha viatu wote. Mmoja wao, bwana mwembamba ambaye dansi yake yote ni kugonga sakafu kwa viatu vya soli ya mbao, alivikumbatia viatu vyake kifuani na kukataa katakata. Wakati hao wawili wanabishana kwa ishara za mikono, binti mmoja mcheza dansi akaingia katikati pekupeku ili ajaribu, akazunguka mara moja, mguu ukamtoroka. Aliteleza kwa makalio kutoka katikati mpaka ukutani, akajishikiza kwenye pazia, pazia likashuka pamoja naye. Mpiga ngoma akakimbia kumwinua. Naye akafuata njia ileile.

Maneno ya kwanza yaliyotoka mdomoni mwa Bwana Kioo, na haya huyasimulia kwa sauti ya chini hata leo, yalikuwa: "Imekwaruzika?"

Kiongozi wa kundi akamgeukia polepole. "Baba, mtu wangu yuko chini, na wewe unauliza hali ya mbao?"

Binti hakuumia, alikuwa anacheka ndani ya pazia. Lakini kiongozi hakucheka. "Hapa hatuchezi. Mtu atavunjika mguu. Hii nta itoke, au sisi tuondoke."

Nje nako hapakufaa kuchezea, mvua ya asubuhi ilikuwa imeugeuza uwanja kuwa tope. Bwana Kioo akakaa kwenye ngazi. Kupaka nta alikuwa bingwa. Kuitoa, hakuwahi hata kuota. Alipoinuka alikwenda moja kwa moja nyumbani, akasimama mbele ya cherehani akihema.

"Mama watoto, nta inatokaje?"

Mkewe akazitoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye mto wake. "Maji ya moto, magadi na brashi. Na mikono mingi."

"Mikono mingi nitaipata wapi? Watu wenyewe hawaji."

"Hawaji kwa sababu unawafukuza."

"Mimi? Nimemfukuza nani?"

"Mimi," alisema mkewe. "Umenifukuza mimi. Wengine wamelisoma bango, mimi uliniambia kwa mdomo wako, mbele ya watu, halafu ukapiga magoti kufuta nilipokanyaga."

Alitaka kusema kwamba hakujua, lakini alijua. Aibu ilimpanda kuanzia miguuni, akaisikia mpaka kwenye masikio, yale aliyodhani wenzake hawana. "Nisamehe," akasema.

"Kachemshe maji. Watu nitawaita mimi."

Alichowaambia watu nyumba kwa nyumba kilikuwa kifupi: "Bwana Kioo anaomba mje mkamkwaruzie sakafu." Nusu saa haikuisha, ukumbi ukafurika. Watu ambao hawakuwahi kutoka kwa ajili ya muziki wa dunia nzima walitoka mbio kwa ajili ya hilo. Kinyozi alikuja na brashi mbili. Muuza mkaa alileta brashi ya waya, uso wake umejaa furaha isiyo na kificho. Mwenyekiti alijifunga kanga kiunoni, akauliza, "Tunaanzia katikati, sivyo?"

Walitaka yeye aanze. Alishika brashi, akasugua. Maji yakabadilika yakawa rangi ya chai iliyokolea. Miaka kumi na tisa ya Jumatano zake ilikuwa inaingia kwenye ndoo. Hakulia, ingawa kinyozi anasema alilia.

Watu mia mbili na zaidi wakisugua mbao kwa pamoja hawawezi kukwepa mapigo. Mwanzo kila mtu na lake, kisha upande wa dirishani ukaanza kwenda sawa, upande wa mlangoni ukajibu. Mpiga ngoma, aliyekuwa amekaa juu ya meza akila ndizi, akaweka ganda chini na kuanza kuwafuata kwa vidole. Mpiga fidla akaingia. Wageni wengine wakatwaa brashi. Bango la mlangoni lilikuwa limeshushwa, mtu fulani amepiga magoti juu yake asilowe. Yule bwana wa viatu vya mbao akakanyaga ubao uliooshwa, akapiga pigo moja, akasikiliza, akapiga mengine ishirini.

"Saa kumi haijafika," Bwana Kioo akamwambia kiongozi.

"Baba, tumeshaanza," akajibu.

Sakafu ilipokauka ilikuwa ya kijivu na mbaya, vilevile alivyoikuta. Viti havikutosha, na havikuhitajika, maana hakuna aliyekaa. Katikati ya kelele hizo mkewe akatokea mlangoni na lile boksi. Alisimama kizingitini kwa mazoea. Waliokuwa karibu wakamtazama Bwana Kioo anavyomwendea. Akapiga magoti tena. Alivitoa viatu vyekundu, akamvalisha kimoja kimoja, akahangaika na vifungo vidogo kwa vidole vilivyochubuka na magadi. Kisha wakaingia katikati. Ilikuwa mara yake ya kwanza kucheza kwenye ukumbi wake, na alicheza kama mtu aliyeingiwa na siafu kwenye suruali. Mkewe alicheka mpaka akamshika bega.

Asubuhi yeye na mkewe waliusafisha ukumbi. Mwenyekiti alipita, akasema kamati imepokea lalamiko moja tu, kwamba viti vinazuia njia, akaenda zake. Sakafu nzima ilikuwa imejaa mikwaruzo, mashimo madogo ya visigino, mistari ya soli za mbao. Bwana Kioo alitembea katikati yake akiwa na kitambaa mfukoni, asikitoe.

"Hapa alama zako ni zipi?" akamuuliza mkewe.

Mkewe hakutazama katikati. Alirudi mlangoni, hatua mbili kutoka kizingitini, akaonyesha chini kwa ufagio. Palikuwa na alama moja ya kisigino, ndogo kama punje ya hindi, imekwisha kuwa nyeusi kwa umri.

Bwana Kioo akainama. Aliitambua. "Lakini hii niliitoa," akasema. "Niliisugua mpaka ikatoka."

"Haikutoka," alisema mkewe. "Uliipaka nta tu."