Siku Niliyomvundika Atupele

Nilipokuwa mtoto nilijua kuvundika ndizi vizuri kuliko nilivyojua kusali. Kwetu Masoko shimo lilikuwa nyuma ya jiko. Unatandika majani makavu ya mgomba, unapanga vichane, unafunika, unafukia kwa udongo, na baada ya siku chache unafukua ndizi za njano, laini, bado zina joto. Kwa hiyo nilipoamua kumsaidia mdogo wangu, au niseme ukweli, nilipochoka kuchekwa kwa ajili yake, sikwenda mbali kutafuta dawa.

Atupele alizaliwa njiti, miezi saba haijatimia. Mama alimlea kifuani, ndani ya nguo, usiku na mchana, watu wakingoja kuja msibani. Bibi, mama yake Baba, alimtazama akamwambia Mama: "Huyu katoka mbichi, mwanangu. Ataiva, ila taratibu. Msimharakishe." Wazee wetu waliamini hivyo, kwamba mtoto aliyetoka kabla ya siku zake akili yake bado iko njiani inamfuata. Mimi nilisikia hilo la kuiva tu.

Shuleni walipima kwa mkono: uupitishe juu ya kichwa, ushike sikio la upande wa pili. Atupele alirudishwa nyumbani miaka miwili mfululizo, vidole vikiishia juu ya kichwa. Alipokubaliwa alikuwa na miaka tisa, na sweta la mtumba lililomfika magotini. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zimefunguliwa, mitumba imejaa soko la Tukuyu. Darasani alikuwa mkubwa wao kwa umri na mdogo wao kwa kimo. Kusoma alijua upesi, na nyimbo za kanisani alizishika beti zote. Hesabu ndizo zilizomkataa. Saba na tano aliziweza leo, kesho hazipo, na mwalimu wa hesabu alikuwa mtu wa fimbo. Watoto wakamwita Mbichi. Mimi, wa darasa la tano, wakaniita Dada Mbichi. Hilo ndilo lililoniuma, wala si mgongo wake uliochapwa.

Alipofika darasa la pili Baba alitamka: asipofaulu mtihani wa mwisho wa mwaka, abaki nyumbani achume kahawa. Mtu mmoja tu hakukata tamaa naye, Mwalimu Rehema, aliyeletwa kwetu kutoka Singida. Kila jioni alimbakiza darasani na maharage mezani, wakihesabu moja moja. Na hesabu zilikuwa zimeanza kumkubali. Nilijua, nikaona anachelewa.

Jumamosi moja, mtihani ukiwa wiki ijayo, Mama na Bibi wako shambani, nilimpeleka shimoni. Ndizi za pombe zilikuwa zimefukuliwa asubuhi ile.

"Ukikaa humu mpaka nikuite, hesabu zote utazijua."

"Zote, dada? Hata za kutoa?"

"Hata za kutoa. Ila ukitoka mapema, umeharibika."

Akaingia. Akajikunja, akalivuta sweta likamfunika miguu, akafumba macho kabla sijamwambia. Nikamfunika majani, juu gunia, pembeni udongo, nikamwachia upenyo wa kupumulia. Halafu nikaenda kucheza rede.

Nisijisingizie kusahau. Sikusahau hata kidogo. Siku ile nilicheza vizuri kuliko siku zote, maana hakuna aliyekuwa ananifuata nyuma. Mvua ilipoanza nilijikinga kwa jirani, nikapewa hindi la kuchoma, na nililila lote huku najua kabisa maji ya paa la jiko yanatiririkia wapi. Niliogopa kwamba nikikimbia kumtoa, nitaulizwa.

Mama aliporudi alisikia mtu anakohoa chini ya ardhi. Alimkuta Atupele amekaa ndani ya maji mpaka kifuani, midomo imebadilika rangi. Hakuwa ametoka, kwa sababu sikuwa nimemwita.

"Nani kamtia mle?" Baba aliuliza jioni hiyo, wakimkausha kwenye moto.

"Kajitia mwenyewe," nikasema haraka. "Anadhani yeye ni ndizi."

Atupele alinitazama. Meno yalikuwa yanagongana, lakini kama angetaka kusema angesema. 

Vichomi vilimlaza hospitali, mtihani ukapita yuko kitandani. Alipotoka, Mwalimu Rehema akaja nyumbani.

"Mzee, nipe mwaka mmoja tu. Ameshafika ishirini bila kukosea."

"Ndaga fijo, Mwalimu, asante sana. Lakini mtoto anayejifukia shimoni, utamfundisha nini tena?"

Mwalimu akamgeukia mdogo wangu. "Ni kweli, Atupele? Ulijitia mwenyewe?"

"Ndiyo, Mwalimu."

Mimi nilikuwa mlangoni na birika. Sentensi moja tu ingetosha. Nikamimina chai. Atupele hakurudi shule tena.

Siku hizi ndugu zangu waliosoma hucheka imani za Bibi, wanasema ndizo zilizomharibia Atupele maisha. Mimi siwezi kucheka nao. Bibi alisema tumsubiri, na Mwalimu Rehema, asiyejua lolote la kuvundika, alikuwa anafanya hivyohivyo kwa maharage yake. Aliyeshindwa kusubiri ni mimi, na uongo ulikuwa wangu. Baba amekufa anauamini.

Mwaka jana nilijikaza nikamwuliza Atupele kwa nini hakunitaja. Alikuwa anamenya ndizi, hakuinua hata kichwa.

"Baba angekutoa shule wewe," alisema. "Na wewe hesabu ulikuwa unaziweza."

Alikuwa na miaka kumi alipoamua hivyo. Mimi nilikuwa na kumi na miwili, na nilimwacha aamue.